Mikono Mitupu Kwenye Chumba cha Panya

Jumatatu, 3 Juni

Nafasi ipo! Moja tu. Mtafiti wa kudumu wa maabara ya figo, na meza yenye droo ya kufunga kwa ufunguo. Profesa ametangaza asubuhi, amesimama mbele ya friji ya sampuli, anakula mkate. Mama huyu hajui kutangaza jambo bila kutafuna. Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na nne, kila mwenye mkataba wa muda atasimama mbele ya jopo na kueleza utafiti wake. Atakayewaridhisha atabaki. Wengine, mkataba ukiisha, kwaheri.

Wengine maana yake ni mimi au Bi Glavu. Hakuna mtu mwingine.

Bi Glavu ni mtafiti mwenzangu, tunatumia chumba kimoja cha panya. Anavaa glavu mbilimbili kila mkono na kuzibadilisha kila anapohama kizimba. Kutwa yuko kwenye kuvaa na kuvua. Tena ana kikoleo cha kukatia alama masikioni mwa panya wake, mmoja baada ya mwingine, kama fundi saa. Mimi nachora duara mkiani kwa kalamu ya wino na kazi imekwisha. Glavu sivai. Zinanitoa jasho. Halafu panya anataka joto la binadamu. Kila asubuhi nawapapasa wangu wote ili wanizoee.

Utafiti wangu nauandika hapa kwa kifupi, ili nikishakuwa maarufu na shajara hii ikasomwa, mtu asipotee. Figo imejaa mirija midogo mno. Kwenye kuta za mirija hiyo kuna wachukuzi, yaani protini zinazobeba chumvi na kuirudisha kwenye damu kabla haijatoka na mkojo. Sasa, wachukuzi wa jike na wa dume hawakupangwa sawa. Dume amewarundika mwanzoni mwa mrija. Jike amewapunguza hapo mwanzoni akawaongeza mbele. Ndiyo maana ukimnywesha panya jike maji ya chumvi anayatoa upesi, na dume anayakalia kama mgeni asiyejua kuaga. Nani aliyewapanga hivyo? Homoni! Ndiyo hoja yangu. Nina makundi matatu: madume, majike ninaowapaka mgongoni mafuta yenye homoni ya kiume, na majike wa kawaida ninaowapaka mafuta matupu, wawe wa kulinganishia. Wale wa homoni wakianza kukojoa kwa kusuasua kama madume, na wale wa kawaida wakakojoa kama kawaida yao, droo ni yangu.

Kupaka naanza na wa homoni, namalizia na wa mafuta matupu. Mkono uleule. Haraka haraka.

Yanayobaki vidoleni najipaka kidevuni. Tangu Machi. Si wizi, yangeishia kwenye sinki. Na ya wikendi nimeyahamishia kwenye kikopo kidogo, nakificha nyuma ya kioo cha bafuni nyumbani. Mwanamume asiye na ndevu atasimamaje mbele ya jopo? Leo nimeona nywele mbili mpya upande wa kushoto. Au ni moja imejikunja.

Sina utulivu. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Mguu unatikisika wenyewe chini ya meza mpaka Bi Glavu ameniomba, kwa upole ule wake wa kuudhi, niangalie asimwage sampuli.

Jumanne, 4 Juni

Mama mkwe amekuja. Bila taarifa. Nimemkuta kwenye kiti changu, miguu juu ya stuli yangu, anajisugua magoti kwa dawa inayonuka kafuri nyumba nzima. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, umekonda.

Amekuja kumwangalia binti yake. Mke wangu anashona nguo za harusi kwenye chumba cha mbele, na siku hizi hana raha. Amekuwa mkali. Wiki iliyopita alimfukuza bibi harusi mtarajiwa pamoja na mama yake kwa sababu ya kiuno kilichobadilika mara tatu. Chunusi zimemjaa usoni. Sauti imekuwa nzito, akiniita kutoka jikoni nadhani ni jirani. Mimi nilisema ni uchovu. Mama mkwe anasema uchovu hauoti.

Sikuelewa, na sikuuliza.

Wakati wa kula akaleta habari nyingine. Shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, anatafuta mtu wa kubeba maboksi ya vigae dukani kwake. Kwa vile kazi yangu ya panya inaelekea ukingoni, mama ameona anitajie mapema. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba nafasi ya kudumu iko mkononi mwangu, kwamba nachunguza jinsi homoni zinavyowapanga wachukuzi wa chumvi kwenye figo. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema basi kama ni habari za wachukuzi, kwa shemeji nitajisikia nyumbani.

Mke wangu alicheka. Kicheko kizito. Nimeshindwa kumaliza chakula.

Alhamisi, 6 Juni

Msiba!

Leo ilikuwa siku ya kunywesha. Kila panya kapata maji yake ya chumvi, kisha ndani ya kizimba chenye faneli chini, mkojo uteremke kwenye kikombe. Nilivuta stuli nikakaa mkao wa kula.

Madume: kusuasua. Vizuri sana. Majike wa homoni: kusuasua. Safi kabisa! Nikasimama, nikapiga makofi. Majike wa kawaida: kusuasua.

Nikagonga vikombe. Nikakagua faneli. Nikawabembeleza. Nikafungua bomba la maji karibu yao, maana kwangu mimi hilo hufanya kazi mara moja, na kweli nililazimika kwenda chooni mimi. Nikarudi. Patupu. Wamekaa wanajisafisha masharubu kama hawana habari na ajira ya mtu.

Bi Glavu alipita na vikombe vyake. Vyake vimejaa! Majike wake wamekojoa kama mvua ya masika, nao ni wa ukoo mmoja na wangu, wameletwa na gari moja. Akatazama vikombe vyangu, akatazama mikono yangu, akauliza kama huwa nanawa ninapohama kundi. Nikamwambia mimi siyo mtoto.

Nimejua sasa. Hujuma. Ananibadilishia maji.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango wa kumnasa: kujificha kwenye kabati la mifagio lililo ndani ya chumba cha panya, saa ya chakula cha mchana, na kumwona kwa macho yangu akifanya mambo yake.

Utekelezaji: nikaingia. Nikaacha mlango wazi kidogo. Fundi wa usafi akapita, akaona mlango wa kabati uko wazi, akausukuma, akafunga kwa ufunguo, akaenda zake huku anaimba. Nikakaa humo na ndoo. Kupitia tundu la ufunguo nilimwona Bi Glavu vizuri kabisa. Alichofanya: alivaa glavu, akabadilisha maji ya panya wake, akavua glavu, akavaa nyingine. Basi. Halafu akaona kikombe kimoja cha panya wangu kimeanguka, akakiinua.

Nilivumilia nilivyoweza. Mwishowe vumbi likanitoa chafya. Aliyenifungulia ni yeye, kwa ufunguo wa akiba. Akauliza kama nimepoteza kitu. Nikasema nakagua ukungu ukutani. Akasema vyema, na je, nimeuona? Nikasema upo, ila si mwingi.

Jioni majibu ya figo zenyewe yakatoka, za wale panya wachache wa mwanzo niliowachinja mwezi uliopita. Tulizisaga, tukapima wachukuzi. Majike wangu wa kawaida wana wachukuzi waliorundikana mwanzoni mwa mrija, sawasawa na madume. Profesa akaiangalia ile mistari myeusi ya kipimo muda mrefu. Akaniambia mambo mawili yanawezekana: ama nimegundua jambo litakalopindua vitabu vyote, ama kuna mahali nimevuruga. Akataka kujua mimi naelekea wapi. Nikasema kwenye vitabu. Akaondoka anatafuna.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeelewa, na ningependa nisingeelewa.

Asubuhi nilimkuta mke wangu bafuni, mlango uko nusu wazi. Ameshika kibano cha nyusi, anang'oa kitu kidevuni. Nywele! Chache, laini, lakini zipo, na zimeshonana kuliko zangu. Alikuwa analia bila sauti. Aliponiona akageukia ukutani na kuniambia nisimwangalie.  Roho iliniuma kweli.

Mama mkwe akampeleka zahanati. Walirudi mchana. Daktari kamchunguza, kachukua damu, kisha kamwuliza swali la ajabu: nyumbani kuna mtu yeyote anayejipaka mafuta yenye homoni ya kiume? Maana huhama kwa ngozi. Mtu anajipaka yeye, ndevu anaota mwingine anayelala naye shavu kwa shavu.

Mke wangu alicheka mpaka daktari akacheka. "Mume wangu? Yule hana hata ndevu!"

Akanisimulia hivyo, anafuta machozi ya kicheko, akaniuliza kwa utani tu, eti ni wewe? Nikasema mimi? Mimi! Nikasema mara tatu. Kisha nikaenda bafuni, nikajifungia, nikatoa kikopo nyuma ya kioo, nikakaa ukingoni mwa beseni.

Yanahama kwa ngozi.  Si yeye tu. Mkono wa homoni, kisha mkono uleule kwenye mafuta matupu. Mapapaso ya kila asubuhi. Nimewapaka wote! Hakuna hujuma wala ugunduzi. Majike wangu wa kawaida si wa kawaida hata kidogo. Ni madume kwa mkono wangu.

Mtu muungwana angetoka pale akasema ukweli, kwa mke na kwa Profesa. Nami nitasema. Nimekata shauri kabisa. Baada ya Ijumaa.

Jumapili, 9 Juni

Sijapaka tangu jana. Kwa usalama nililala ukingoni kabisa mwa kitanda, kidevu nimekizungushia skafu. Mke wangu akauliza nina nini. Nikasema jino.  Baadaye nikasikia anavuta kamasi.

Kutwa nimezunguka nyumba. Sebuleni, jikoni, uani, sebuleni. Mama mkwe kaniuliza kama nimemeza nyuki.

Jumatatu, 10 Juni

Mpango! Mzuri mpaka nimeogopa.

Panya weupe ni panya weupe. Hata aliyewazaa hawatofautishi. Bi Glavu ana majike wa kawaida, safi, hawajaguswa na mkono wa mtu. Mimi ninao walioharibika. Saa ya mchana, yeye akiwa kantini, wangu wakaingia kwenye kizimba chake na wake wakaja kwangu. Nimefikiria kila kitu. Duara nilizochora mikiani mwa wangu walikwisha kuzilamba zamani, kwa hiyo hakuna ushahidi. Hawa wapya nikawachorea duara upya, za buluu, nzuri mno. Hata glavu nilivaa! Jozi mbili, nimezitoa kwenye boksi lake mwenyewe. Nani atanishuku mimi kwa kuvaa glavu?

Mmoja aliniuma kidole kupitia glavu zote mbili. Tabia ya bosi wao.

Jumatano, 12 Juni

Nimewanywesha upya. Oo, raha iliyoje! Majike wa kawaida wamekojoa mpaka kikombe kimefurika. Majike wa homoni, kusuasua. Madume, kusuasua. Wachukuzi hao! Homoni hiyo! Ukiangalia mchoro wangu utadhani umechorwa na malaika.

Nimempiga picha yule aliyekojoa kuliko wote. Nimemwita Malkia. Kakaa vizuri, uso mbele, masikio juu. Picha hiyo itafungua mada yangu, kubwa, ukuta mzima.

Bi Glavu kimya tangu juzi. Amechukua damu ya panya wake, amekaa kutwa kwenye mashine ya kupimia homoni. Kisha nikamwona anapitisha vipande vya pamba kwenye vitasa, kwenye komeo za vizimba, kwenye mpini wa friji, akivitia kwenye vichupa. Hata kwenye kikombe changu cha chai! Akili imemruka, maskini. Shinikizo si mchezo.

Jioni kwenye sinki kanipa boksi zima la glavu, jipya. Chukua tu ndugu yangu, kasema, utazihitaji. Nimelitafsiri hivi: amenyoosha mikono.

Alhamisi, 13 Juni

 Nimerudia mada yangu mbele ya kioo mpaka maneno yamepoteza maana. Nimefungua dirisha, nimefunga dirisha.

Mke wangu ameniletea shati. Ameshona mwenyewe, kati ya kazi za wateja, kola imesimama, vifungo vimepangika. Kaniambia ninapokwenda kugombea mkate wetu nisiende na shati la kola iliyochakaa. Alisimama mbali aliponipa, kiganja amekiweka kidevuni. Nikataka kumwambia papo hapo. Nikafungua mdomo. Mama mkwe akaingia kuuliza nani kahamisha dawa yake ya magoti.

Nikainama kuitafuta chini ya meza.

Usiku tena skafu, tena ukingoni. Kesho yote yatakwisha.

Ijumaa, 14 Juni

Yamekwisha.

Ukumbi ulijaa. Jopo mbele: Profesa na wageni wawili, mmoja amesinzia tangu salamu. Shati limenikaa barabara. Nikaanza na Malkia, ukuta mzima, masharubu kama waya za umeme. Watu wakacheka kwa mapenzi. Nikaeleza mirija, nikaeleza wachukuzi, nikawaambia kwamba homoni ya kiume ndiyo inayowarundika mwanzoni. Nikaonyesha mchoro wa malaika. Yule aliyesinzia akaamka akaandika kitu! Nikamaliza. Makofi. Nikaiona droo. Niliusikia hata mlio wa ufunguo wake.

Bi Glavu akanyoosha mkono. Akaomba kwa adabu nirudishe ile picha ya kwanza. Nikarudisha kwa furaha. Akaomba niikuze. Nikaikuza. Kidogo tena, upande wa sikio la kulia.

Sikio likajaa ukutani, la waridi, kubwa kama mlango. Na ukingoni mwake, alama mbili zilizokatwa kwa kikoleo.

 Kila mtu katika jengo lile anajua ni nani anayekata masikio. Nikasema labda alijikwaruza. Bi Glavu akasema inawezekana, na wenzake wote watano wamejikwaruza vilevile, kwa mpangilio aliouandika yeye tangu Aprili.

Kisha ikawa zamu yake. Alikwisha kubadilisha mada! Jumatatu alirudi kutoka kantini akakuta kizimba chake kimejaa panya wenye masikio mazima. Alimwendea Profesa siku hiyohiyo, wakakubaliana wanisikilize kwanza. Akawapima damu panya hao wageni: majike wa mafuta matupu, kwa kadi ya kizimba changu, wamejaa homoni ya kiume. Akawanywesha maji ya chumvi: kusuasua. Akafuata njia ya mafuta. Komeo la kizimba, ipo. Kitasa, ipo. Mpini wa friji, ipo. Kikombe changu cha chai kilivunja rekodi. Hitimisho lake: kiasi kidogo tu cha homoni, kinachobebwa na mkono mtupu, kimetosha kuwapanga upya wachukuzi wa figo. Hoja ileile yangu! Kaithibitisha kuliko mimi, kwa makosa yangu, kwa panya wangu!

Alipotaja mpini wa friji, Profesa aliacha kutafuna. Polepole akakishika kidevu chake. Kisha safu nzima ya mbele ikashika videvu.

Nafasi kapewa yeye. Profesa aliniita pembeni. Nilifukuzwa kwa muda wa kama dakika moja hivi. Bi Glavu ndiye aliyeingilia: kaomba nibakizwe kwa mkataba mpya wa muda mfupi, kazi yangu kuosha vizimba na kuwatunza panya niliowaharibu, kwa sababu sasa anawahitaji. Kwa sharti la glavu. Nikashukuru. Siwezi kusema ni shukrani tupu.

Jumamosi, 15 Juni

Nimemwambia mke wangu. Nilianza na habari za kikombe cha chai, nikazunguka kwenye friji, nikapitia masikio ya Malkia. Akanikatisha. Akaenda bafuni, akarudi na kikopo alichokigundua jana nyuma ya kioo, akakiweka mezani kati yetu.

Nilingoja moto. Haukuwaka. Alikaa kwenye cherehani yake mikono mapajani, akaniambia nywele ni nywele, daktari kasema zitapungua. Kilichomuumiza ni skafu. Siku zote zile alidhani namkimbia kwa ajili ya kidevu chake. Alilala macho anajiuliza atakuwa sura gani mpaka mumewe ashindwe kumgeukia. Na mimi nilikuwa naamka asubuhi naeleza habari za jino.

 Nililia, si uongo. Nikasema nisamehe mke wangu. Akasema atasamehe, lakini si leo, na leo nitalala chumba cha kushonea. Nina pini tatu mgongoni hadi sasa.

Sharti lake ni moja: kikopo kitupwe, mbele ya macho yake. Nimeapa. Nimekitupa kwenye pipa la taka na yeye anaangalia.

Kikopo, ndiyo. Mafuta nilikwisha kuyakwangua kabla, nikayatia kwenye chupa tupu ya dawa ya magoti niliyoiokota kwenye taka. Homoni safi kama ile, itupwe? Sitayatumia. Ni kuyahifadhi tu. Nimeirudisha chupa rafuni, nyuma ya sabuni. Nani atagusa chupa iliyokwisha?

Jumatatu, 24 Juni

Kazini naosha vizimba. Bi Glavu, ambaye sasa yanipasa kumwita Mtafiti Mkuu, amenifundisha kuvaa glavu kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Droo yake inafungwa kwa ufunguo. Nimeijaribu.

Nyumbani kuna nafuu. Mke wangu uso umeanza kutulia. Jana kanirudisha chumbani, ukingoni bado, lakini bila pini. Alinigusa kidevu, akasema kinampendeza hivi kilivyo, laini. Nilifurahi mno. Nikaapa tena moyoni kwamba mambo ya njama nimeachana nayo kabisa.

Leo asubuhi wakati wa chai mama mkwe alipanda ngazi mbili mbili. Nikaacha kutafuna. Akaja kunishika mkono kwa mikono miwili, ananishukuru kwa ile dawa mpya niliyomwekea kimyakimya kwenye chupa ya zamani. Magoti mepesi! Anajipaka asubuhi na jioni tangu wiki iliyopita. Ana nguvu amehamisha kabati peke yake. Anasema nilimstahi bila kujisifu, na kwamba kumbe ana mkwe mwenye moyo. Sauti yake imeshuka kidogo, yapendeza. Habari za duka la vigae hazitaji tena.

Ningemwambia. Nilikwisha kufungua mdomo.

Lakini fikiria. Jike. Mtu mzima, hana homoni zake nyingi za kike za kumvuruga. Anajipaka mwenyewe, kwa hiari, kiasi kilekile kila siku. Kuna maabara gani duniani inayoweza kumpata mtu kama huyu? Bi Glavu ana panya. Mimi nina binadamu mzima, na anakaa nyumbani kwangu bure! Wachukuzi wake lazima wameanza kuhama.

Kesho nitamtilia chumvi ya kutosha kwenye supu, nikae koridoni karibu na choo na saa mkononi, nijifanye nasoma gazeti. Supu nitampikia mwenyewe, na chupa nitamjazia tena, mafuta yamebaki kidogo kwenye friji ya maabara. Glavu sitavaa. Zinanitoa jasho.